Kabla ya kuuza kioo cha kompyuta, fundi apime kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wasomaji, hasa mafundi wa kompyuta na wenye steshenari wa hapa Mwanza, juu ya kasoro moja ambayo imewatoa watu wengi fedha zisizo za lazima. Ninazungumzia maandishi yanayoharibika kwenye skrini wakati mtu anaandika: mstari uliofutwa ukaendelea kuonekana, herufi zilizokatwa nusu, mistari miwili iliyolaliana, kile kijistari cha kuandikia kinachoacha alama nyuma yake kila kinaposogea, au kipande cha ukurasa kinachogeuka cheusi na kurudi mtu anapogusa kipanya. Mwenye kompyuta akiyaona hayo huikimbiza kwa fundi, na fundi, mara nyingi bila kuuliza swali la pili, hutoa moja kati ya majibu mawili: kioo kimekufa, au mashine ipigwe Windows upya.

Yapo mazingira ambamo kila mojawapo ya majibu hayo ni sahihi. Ninachokipinga ni kutolewa kwake kabla ya kupima, ilhali vipimo vyenyewe havidai mashine ya gharama wala shahada ya chuo kikuu; vinadai utulivu wa dakika chache na kujua picha ya maandishi inapita wapi kabla ya kulifikia jicho. Mimi ni mchapaji katika steshenari mojawapo ya Kirumba, na kwa kuwa wateja wetu wengi huja na kompyuta zao wakitaka kuchapishiwa kazi waliyokwisha kuiandika, nimejikuta nimekuwa nusu fundi. Nyingi ya kompyuta hizo zilitumika ng'ambo kabla ya kuletwa nchini, na hizo ndizo ninazoziona zikisumbuliwa zaidi na kasoro hii.

Nitoe mfano mmoja. Alikuja katibu wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi) ya mwalo mmoja wa upande wa Ilemela akiwa na muhtasari wa kikao alioutaka katika karatasi siku hiyohiyo. Kwenye skrini yake ajenda ya ushuru wa dagaa ilionekana mara mbili, moja juu ya nyingine, na alikuwa akiifuta ya pili kwa hasira. Nikamwambia, “Mzee wangu, naomba usiguse kitu kwanza.” Akanijibu kwamba amekwisha kuambiwa kwingine kuwa kioo kimekwisha, na kwamba anatafuta fedha ya kununua kingine. Tulipochapa nakala ya majaribio, ajenda ya ushuru haikuwamo hata mara moja, na mstari uliofuata, wa ununuzi wa injini ya boti ya doria, haukuwamo pia. Kilichotokea ni rahisi kukieleza. Mstari wa ziada alioufuta mwanzoni ulifutika kweli katika faili, lakini picha yake ilibaki kwenye skrini. Yeye akadhani haujafutika, akafuta tena na tena, na safari hizo akaondoa mistari ya haki. Skrini ilimdanganya, naye akaisahihisha kazi yake kwa kuufuata uongo wa skrini.

Kwa sababu hiyo jambo la kwanza kwa yeyote anayekutwa na hali hii ni kuacha kuandika. Ahifadhi faili kwa jina jingine, asije akaifunika nakala ya awali, kisha aitazame nakala hiyo mahali pengine: katika simu, katika kompyuta ya jirani, au katika karatasi moja iliyochapwa. Ikiwa maandishi yako sawasawa huko, faili ni nzima na kilichoharibika ni uchoraji wake tu. Hapo ndipo mtu apumue na kuanza kutafuta ni nani anayechora vibaya.

Ili kumtafuta huyo ni lazima tujue jinsi uchoraji unavyofanyika, na hapa naomba wasomaji wanivumilie, kwa maana bila maelezo haya vipimo vyote huonekana kama uganga. Programu ya kuandikia haichori ukurasa wote kila unapobonyeza herufi. Skrini iliyozoeleka katika kompyuta mpakato za zamani, yenye pikseli 1,366 kwa 768, ina nukta zaidi ya milioni moja. Kila nukta ikichukua baiti 4, picha moja kamili huzidi megabaiti 4, na skrini nyingi huonyesha picha mara 60 katika kila sekunde. Watengenezaji wa programu waliona tangu zamani kwamba ni upotevu kuichora picha yote kwa ajili ya herufi moja, hivyo wakaipa programu kazi ya kukumbuka eneo lililobadilika, kulifuta eneo hilo peke yake na kulichora upya. Ni sawa na mwalimu anayesahihisha neno moja ubaoni: hafuti ubao mzima, hupitisha dasta pale penye kosa tu, na dasta ikipita juu kidogo au chini kidogo, mkia wa herufi ya zamani hubaki ukichungulia chini ya neno jipya.

Kusogeza ukurasa nako kuna ujanja wake. Programu nyingi haziichori mistari yote upya unapoteremka. Huichukua picha iliyopo, huipandisha kwa kimo cha mstari mmoja, kisha huchora ule mstari mpya uliojitokeza chini. Hesabu ya kimo ikikosewa kwa pikseli moja tu, mabaki ya mstari wa zamani hujaa ukurasani kadiri mtu anavyoendelea kuteremka. Na hesabu hiyo hukosewa kwa urahisi pale ambapo Windows imepangwa kukuza maandishi kwa asilimia 125, mpangilio ambao kompyuta nyingi za inchi 15.6 zenye skrini ya pikseli 1,920 kwa 1,080 hupewa na Windows yenyewe. Mstari uliokuwa na kimo cha pikseli 17 unatakiwa uwe na pikseli 21.25, na kwa kuwa hakuna robo ya pikseli, lazima hesabu ipunguzwe au iongezwe. Sehemu ya programu inayofuta ikipunguza na ile inayochora ikiongeza, unabaki mstari mwembamba kama uzi katikati ya maandishi. Nimeona uzi huo ukiitwa ufa wa kioo. Ulitoweka mara tulipourudisha ukuzaji kwenye asilimia 100 na kuiwasha programu upya.

Herufi za mlalo (italiki) nazo huleta mambo yake, kwa kuwa kichwa cha herufi kama f hutokeza nje ya nafasi iliyotengewa. Programu isiyo makini hufuta nafasi na kukisahau kichwa.

Hiyo ni hatua ya kwanza, inayofanyika ndani ya programu yenyewe. Hatua ya pili ni ya mfumo endeshi, kama Windows, na kadi ya michoro, yaani sehemu ya kompyuta inayotengeneza picha. Wanaoikumbuka Windows XP watakumbuka kwamba programu ikiganda na ukaburuta dirisha jingine juu yake, lile dirisha liliacha msururu wa nakala zake skrini nzima. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007 kila dirisha liliweza kuchorwa pembeni, katika kumbukumbu yake, kisha Windows ikayaunganisha yote kwa msaada wa kadi ya michoro, na kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 utaratibu huo hauwezi tena kuzimwa. Misururu ile ikapungua sana, lakini mzigo ukahamia kwenye kadi ya michoro na kwenye draiva, yaani ile programu inayopokea maagizo ya kuchora na kuyageuza kuwa maagizo ambayo chipu inayaelewa. Programu za kuandikia zenyewe nazo zikafuata njia hiyo. Visual Studio Code, ambayo Microsoft waliitoa mwaka 2015 na ambayo vijana wengi wanaojifunza kuandika programu huitumia, imejengwa juu ya Electron, msingi wa kuundia programu, ambayo ndani yake imebeba Chromium, msingi uleule wa kivinjari cha Chrome. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia nyaraka kama Word, kuanzia toleo la 7.0 la mwaka 2020, hutumia maktaba ya Skia kuchorea kwenye Windows. Zote hizi huitwisha kadi ya michoro kazi ambayo zamani ilifanywa na prosesa kuu. Kadi na draiva zikiwa nzima, kazi huenda kwa wepesi. Draiva ikiwa ya zamani au si yake, ndipo unapoona herufi zinageuka vibanzi.

Hatua ya tatu na ya mwisho ni waya na kioo. Picha iliyokamilika husafirishwa kutoka ubao mkuu kupitia waya mwembamba unaopenya kwenye bawaba za mfuniko hadi kwenye kioo. Waya huo hukunjwa kila mfuniko unapofunguliwa na kufungwa, na katika kompyuta iliyokwisha kutumika miaka mingi huko ilikotoka, si ajabu ukachoka kabla ya kioo chenyewe.

Sasa vipimo. Cha kwanza ni kuuliza kama kasoro inaonekana katika programu moja au katika zote. Mtu afungue kivinjari, afungue kikokotoo, afungue na ile programu ndogo ya Notepad inayokuja na Windows, kisha aandike na kufuta humo. Mstari wa kijani unaosimama palepale kwenye skrini, hata ukibadilisha madirisha yote, si wa programu yoyote. Lakini kasoro inayolifuata dirisha la programu moja kila unakoliburuta, na kulikosa dirisha la jirani yake, haiwezi kuwa kioo, kwa maana kioo hakijui dirisha lipi ni la nani.

Pamoja na hilo, dirisha lipunguzwe kisha likuzwe, au lifichwe na kurudishwa. Vitendo hivyo huilazimisha programu kuchora eneo lote upya. Mabaki yakitoweka hapo na kurudi baadaye unapoandika, kosa liko katika ile kazi ya kukumbuka eneo lililobadilika. Wanaotumia programu ya kuandikia iitwayo Vim wanayo njia ya mkato: Ctrl na L kwa pamoja huifuta skrini na kuichora upya, na mtu anaweza kumalizia kazi yake kwa njia hiyo huku akitafuta dawa ya kudumu.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni picha ya skrini. Wakati kasoro inaonekana, piga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, si kwa kamera ya simu, kisha itume picha hiyo kwenye simu na kuitazama huko. Picha ya skrini huchukuliwa ndani ya kompyuta, kabla maandishi hayajapita kwenye waya na kioo. Kasoro ikiwa imo ndani ya picha, basi imezaliwa kabla ya waya, na kununua kioo ni kutupa fedha ziwani. Kasoro ikiwa haimo, ilhali kwenye kompyuta inaonekana wazi, basi tuhuma inahamia kwenye waya, kioo au sehemu ya mwisho inayotoa picha. Nasisitiza kuitazama kwenye simu, kwa sababu nimewaona watu wanaoipiga picha, wakaifungua kwenye skrini ileile mbovu, wakaona mistari juu yake na kusema, “Si unaona, imo!” Bila shaka wataiona, wanaitazama kupitia kioo kilekile wanachokishuku.

Kipimo cha nne ni kuiunganisha kompyuta na televisheni au skrini nyingine kwa waya wa HDMI au VGA. Televisheni ikionyesha picha safi wakati kompyuta inaonyesha mistari, mtuhumiwa ni kioo au waya wake. Hapo mfuniko utikiswe taratibu, na mistari ikicheza pamoja na mfuniko, fundi aanze na waya. Zote mbili zikionyesha uchafu uleule, kioo kiachwe. Na kwa kasoro inayoenea skrini nzima kipo kipimo kingine ambacho mafundi wengi wanakijua ila hawakitumii: kuwasha mashine na kuingia katika mipangilio ya BIOS. Huko Windows haijaamka na draiva yake haijaanza kazi. Visanduku vya rangirangi vikionekana hata huko, ni maunzi, yaani vifaa vyenyewe. Yaweza kuwa chipu ya michoro inayochemka kwa sababu feni imejaa vumbi, au kumbukumbu ya RAM, maana chipu za michoro zilizounganishwa na prosesa huazima sehemu ya RAM hiyohiyo.

Katibu wetu alipita vipimo vitatu vya mwanzo tu. Mistari yake miwili ilikuwa katika programu moja, ilitoweka dirisha lilipokuzwa, na katika picha ya skrini iliyotumwa kwenye simu yake ilionekana vilevile. Kioo chake kilikuwa kizima kabisa.

Kilichobaki kilikuwa kuizuia ile programu isitumie kadi ya michoro, na hapa ndipo ningependa wasomaji waweke alama. Karibu kila programu ya namna hii ina mahali pa kuzimia matumizi hayo. Katika LibreOffice hupatikana kwenye menyu ya Tools, kisha Options, kisha View, ambako tiki ya uharakishaji wa maunzi (hardware acceleration), ndiyo matumizi hayo ya kadi, huondolewa, na Skia nayo inaweza kulazimishwa ichore kwa prosesa peke yake. Katika matoleo mengi ya Microsoft Word hupatikana kwenye File, Options, Advanced, chini ya kichwa cha Display. Visual Studio Code huweza kufunguliwa kwa amri code --disable-gpu kwa ajili ya majaribio, na yakifaulu, katika faili lake liitwalo argv.json huandikwa "disable-hardware-acceleration": true ili iwe hivyo siku zote. Kwa wale wenye Ubuntu na mifumo inayofanana nayo, programu zilizojengwa kwa GTK 4, zana za kuundia madirisha, kama ile ya kuandikia ya GNOME, zinaweza kuanzishwa kwa kutanguliza GSK_RENDERER=cairo, nazo zitachora bila kutegemea kadi. Baada ya badiliko lolote kati ya haya programu ifungwe kabisa na kufunguliwa upya; kulifunga faili peke yake hakutoshi.

Najua wapo watakaosema kwamba kuzima uharakishaji ni kuukimbia ugonjwa, si kuutibu, na kwamba mashine itakuwa nzito. Kwa anayehariri video nakubaliana nao. Kwa anayeandika muhtasari, barua ya maombi ya kazi au hati ya mauziano ya kiwanja, uzito huo hauonekani, na katika mashine ya zamani ambayo mtengenezaji wa chipu hatoi tena draiva mpya, sioni kwa nini mtu ahangaike kutafuta tiba nyingine. Mimi ningeuacha umezimwa.

Kasoro ikiendelea hata baada ya hapo, vichunguzwe viongezi vilivyopachikwa kwenye programu. Visual Studio Code hufunguka bila viongezi kwa amri code --disable-extensions, na LibreOffice ina hali yake salama inayopatikana kwenye menyu ya Help. Ikiwa ni kidirisha cha amri ndani ya Visual Studio Code peke yake kinachotoa herufi zilizochanganyikana, hasa baada ya draiva kusasishwa, mara nyingi hutosha kufunga programu na kulifuta kabrasha lake la GPUCache, ambalo huundwa tena lenyewe. Kubadilisha fonti na rangi za mandhari nako hujaribiwa, ingawa mimi hufanya hivyo mwishoni.

Kisha draiva. Kwenye Windows 10 na 11, kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na Ctrl, Shift na B huiwasha draiva ya michoro upya. Skrini hupepesa mara moja na kazi yako hubaki ilivyo. Maandishi yakinyooka papo hapo, umekwisha kumjua mkosaji. Draiva itafutwe kwa jina kamili la modeli kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta, na ikiwa tatizo lilianza mara baada ya kusasisha, irudishwe ile ya awali kupitia Device Manager.

Nimefika kwenye lile jibu la pili la mafundi wetu, la kupiga Windows upya, na hapa sina budi kusema wazi kwamba mara nyingi huliongeza tatizo linalodaiwa kuondolewa. Fundi huweka Windows kutoka kwenye flashi, bila intaneti, kwa kuwa bando ni la kununua na mteja anasubiri. Windows isiyopata draiva ya chipu ile hutumia draiva yake ya jumla, iitwayo Microsoft Basic Display Adapter, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba kitu fulani kinaonekana. Mteja huondoka na mashine ambayo mwanga wake haupungui wala kuongezeka, ukurasa unasogea kwa kusitasita, maandishi yamevimba kwa kuwa idadi ya pikseli si ya kioo kile, na faili zake za miaka zimekwenda na kufomati. Kwa mashine zenye prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha 8 hali ni ngumu zaidi, maana kwa kawaida hazimo katika orodha ya zile ambazo Microsoft wanazikubali kwa Windows 11, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Anayeisukuma Windows 11 kwa nguvu kwenye mashine hizo ajue kwamba hakuna aliyemuahidi draiva inayofaa. Baada ya kila kazi ya namna hiyo fundi afungue Device Manager mbele ya mteja na kumwonyesha jina la kadi ya michoro. Likisomeka lile jina la jumla, kazi bado haijaisha.

Nitenganishe pia jambo moja ambalo huchanganywa na haya, nalo linatugusa zaidi sisi wa Kanda ya Ziwa wenye majina yanayoanza na Ng'. Faili la orodha ya wanachama likifunguliwa, kila Ng’wandu akasomeka Ngâ€™wandu, hiyo si kasoro ya uchoraji hata kidogo. Skrini inachora kwa uaminifu kile ilichoambiwa. Kilichokosewa ni usimbaji, yaani utaratibu wa kuziandika herufi kwa namba: faili lililohifadhiwa kwa utaratibu wa UTF-8 limesomwa kana kwamba ni la utaratibu mwingine, wa Windows-1252, na baiti tatu za alama ile ya juu iliyopinda zikageuka alama tatu. Dawa yake ni kulifungua upya kwa usimbaji sahihi, na mtu asilihifadhi kabla ya hapo, asije akaukomaza uharibifu. Vivyo hivyo kisanduku kitupu mahali pa herufi maana yake fonti haina herufi hiyo, na ukingo mwembamba wa rangi unaoonekana pembeni mwa herufi ukisogeza jicho karibu ni kazi ya ClearType, iliyokuja na Windows XP mwaka 2001 ili kulainisha maandishi. Nimewahi kuulizwa bei ya kioo kwa sababu ya ukingo huo.

Sasa niseme na upande wetu sisi wateja, kwa kuwa si haki kuwabebesha mafundi lawama yote. Fundi anayekaa na mashine kwa nusu saa, akapiga picha ya skrini, akaunganisha televisheni na kuondoa tiki moja, akimwambia mteja gharama yake, hujibiwa, “Umebonyeza tu kidogo, unataka hela ya nini?” Anayefungua mfuniko na kuweka kioo kingine hulipwa bila mabishano, kwa sababu mteja ameona kitu kikiingia. Tumewafundisha wenyewe kwamba kupima hakulipi na kuuza kifaa kunalipa, kisha tunashangaa wanapouza vifaa. Vioo vizima vilivyong'olewa kwa njia hiyo nimeviona vimerundikana nyuma ya meza za mafundi zaidi ya mmoja katika mitaa ya hapa mjini.

Pendekezo langu kwa mafundi ni kwamba wabandike ada ya upimaji ukutani, ijulikane kabla mashine haijafunguliwa, na ikatwe kwenye gharama ya kazi endapo mteja ataendelea nao. Kwenye risiti waandike majibu ya maswali machache: je, kasoro iko katika programu moja au zote, je, imo katika picha ya skrini, je, inaonekana kwenye skrini ya nje, na je, ilibaki baada ya kuzima uharakishaji. Mteja atakayehitaji kwenda kwa fundi mwingine, wa Igoma au wa Buzuruga, ataibeba karatasi hiyo na kazi haitaanza upya. VETA na vyuo vingine vinavyofundisha ufundi wa kompyuta vingeweza kuwapa wanafunzi wao zoezi hilo katika wiki za mwanzo, kabla ya kuwafundisha kushika bisibisi. Na kwa wateja, mtakapoambiwa kioo kimekufa, ombeni kwanza picha ya skrini iliyotumwa kwenye simu zenu. Fundi mkweli hatakasirika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mchapaji wa Kirumba,
Mwanza.